Nilimwita "Mjane Aliyewakimbia Wajane"

Admin, ficha jina langu, na la huyo mama ulifiche zaidi. Mimi ni msichana wa miaka thelathini na moja, naishi Kisumu, sijaolewa, nalea mtoto mmoja. Nafanya kazi kwa shirika dogo linalofuatilia kura za waheshimiwa wetu katika mambo ya familia: ndoa, urithi, wajane, watoto. Mswada ukifika bunge la kaunti, mimi ndiye nakaa kwa viti vya wageni nikisikiliza majina yakiitwa, nani kasema ndiyo na nani kasema la. Baadaye tunatoa kadi yenye picha zao. Kijani ni aliyeunga mkono, nyekundu ni aliyepinga, kijivu ni ambaye hakupiga kura kwa sababu inayoeleweka. Maneno ya juu ya kadi naandika mimi. Nina mdomo, sikatai. Tangu shule walimu waliniambia huu mdomo utanifikisha mbali, na kweli umenifikisha hapa.

Mwaka huu ulikuja mswada wa kuzuia wajane wasifukuzwe kwa boma zao. Kwetu mnajua inavyokuwa. Mwanaume akizikwa, maua hayajakauka, ndugu zake wanaanza kupima shamba kwa macho. Mama yangu ni mjane kule Awasi, kwa hivyo huo mswada niliubeba kama wangu. Siku ya kura, mheshimiwa mmoja mama, nitamwita Min Akoth, yaani mama yake Akoth, aliinuka akatoka kabla jina lake halijaitwa. Yeye mwenyewe ni mjane, mumewe alizikwa mwaka jana. Nilikasirika, nikashuka mbio, nikamkuta kwenye korido ameegemea ukuta.

"Nyathina," aliniambia kwa sauti ya chini, yaani mwanangu, "mimi niko na kesi. Shemeji zangu wanataka nitoke kwa boma. Nikipiga hii kura watasema nimejitungia sheria yangu, wapeleke mswada wote kortini. Kura ziko za kutosha bila yangu. Wacha nikae nje. Lakini usiandike mambo ya kesi, watoto bado hawajui."

Nikamwambia sawa, Mama, nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kabisa. Hapo ndipo dhambi yangu ilipo.

Mswada ulipita. Ofisini tulipoangalia kadi, kijani tupu, nyekundu wawili tu, wazee ambao hakuna mtu anawajua. Bosi akaguna. "Hii nani atashea? Watu wanapenda nyekundu. Na huyu mama alitoka nje, umempaka kijivu ya nini?" Ningesema tu ana sababu yake, ingetosha, hata kesi nisingeitaja. Sikusema. Maneno yalinijia matamu, nikayaandika palepale, na Bosi akapiga meza kwa kicheko: MJANE ALIYEWAKIMBIA WAJANE. Kijivu nikaigeuza nyekundu kwa mkono wangu huu. Min Akoth aliniomba nisiandike sababu yake. Hakuniomba nimwandikie tusi.

Kufika jioni kadi ilikuwa kila mahali. Nikienda soko la Kibuye kutafuta mtumba nasikia akina mama wakirushiana hayo maneno. Mwenzao akiacha meza yake kidogo aende msalani, akirudi anaitwa mjane aliyewakimbia wajane, wanacheka mpaka wanashikana. Nami nilicheka nao, admin. Nilijiona bingwa. Hata mama yangu alinipigia kutoka Awasi kunipongeza, akasema huyo mheshimiwa aibu kwake.

Wiki iliyopita binti yake, Akoth, alikuja ofisini. Sasa watoto wamejua. Alinieleza kwamba ndugu ya marehemu baba yake alisimama mbele ya chifu na wazee, akainua simu, akawasomea kadi yetu. "Alisema hata watu wa haki za wajane wamemkana mama, sasa nyinyi mnamtetea nani?" Huyo shemeji tayari amefunga ng'ombe wake kwa uwanja wa Min Akoth, na Alhamisi hii chifu na wazee wanakaa kwa mara ya mwisho kuamua. "Dada, sikukuja kugombana," Akoth akaniambia. "Njoo tu Alhamisi useme mama hakukimbia."

Nikaenda kwa Bosi, nikamweleza ukweli wote. Alishika kichwa, kisha akakasirika. "Gavana bado hajaweka sahihi. Tukikubali tumekosea jina moja, wanaopinga watasema kadi yote ni uongo na mswada ni wa uongo. Unataka kuuza wajane wote juu ya mmoja? Ukienda huko Alhamisi, Ijumaa usirudi hapa."

Sijui kama ana makosa. Labda kweli nitaharibu sheria ambayo ingemlinda hata mama yangu. Lakini kama nawajali wajane wote hivyo, mbona huyu mmoja aliyeniamini nilimuuza kwa kicheko? Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Jana nilimtumia Min Akoth ujumbe wa kuomba msamaha. Nilitamani anitukane, ningepumua. Alinijibu hivi: "Nyathina, maneno yenyewe ni tamu. Ungemwandikia mtu mwingine, hata mimi ningecheka." Tangu hapo nalia nikiosha vyombo, mtoto wangu ananiuliza nani amekufa.

Leo ni Jumanne. Wengi wenu mliishea ile kadi, na admin, hata ukurasa wako uliiweka, mkacheka hapo chini mpaka nikaona fahari. Kwa hivyo hili jambo ni letu sote. Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Niende Alhamisi, au ninyamaze mpaka gavana aweke sahihi, na huyo mama awe ametolewa kwake? Niambieni wazi hata kama inauma. Ila tafadhali, msiniandikie maneno matamu.