Petroli na Majani ya Nyanya

Petroli ya pampu ya kumwagilia ikinidondokea mkononi shambani, harufu yake ikachanganyika na ya majani ya nyanya, hasira zinanipanda mpaka leo.

Ndege ndogo ya wanaojifunza urubani ilishindwa kusimama uwanjani, ikapitiliza na kuchomeka pua kwenye bustani yetu ya nyanya, chini ya milima, petroli ikamwagikia majani. Mama alitupa jembe, akamvuta kijana aliyekuwa akiirusha, akavua kanga ya mabegani na kumfunga kichwa kilichokuwa kinavuja damu. "Pole, mwanangu, pole."

Mwalimu wake akafika na gari, pamoja na wasaidizi wawili. Mama akaninong'oneza, "Mwamkie mgeni."

"Shikamoo," nikasema.

Akanipita kama kisiki, akamfokea Mama: "Nani kawaruhusu kulima hapa?"

Hapo alipolima bibi yake Mama, kabla uwanja haujakuwepo!

Wakampakia kijana, wakakanyaga hata nyanya zilizosalia, wakaondoka na kanga. Mama akanishika mkono. "Ulimwamkia kwa sauti ndogo," akasema, "ndiyo maana hakuitikia."

Sauti ilitosha, Mama. Yule kijana aliyepasuka kichwa, akiwa amelala chini kwenye tope, aliitikia marahaba.