Sahihi ya Mwalimu Mkuu

Keziah Tuttle alibakiwa na siku moja na nusu. Ijumaa saa kumi jioni chuo cha uuguzi kilikuwa kinafunga maombi, na karatasi moja ilikuwa bado haijasainiwa: rekodi ya masomo yake yote ya sekondari. Kule Missouri, Marekani, mtoto anayesomea nyumbani hana ofisi ya kukimbilia, maana mwalimu mkuu ni mzazi wake. Na mwalimu mkuu wa Shule ya Mlima wa Mizeituni, yenye wanafunzi watano, wote wa tumbo moja, alikuwa Rhonda Tuttle, mama yake, ambaye tangu Jumatatu alikuwa akimzungusha.

"Nitasaini Alhamisi, baada ya mkutano," alisema Rhonda. "Nataka kwanza akina mama waione."

"Si usaini sasa, halafu uwaonyeshe?"

"Mbona una haraka hivyo? Kuna anayekufukuza hapa?"

Keziah akatoka nje kupiga simu. Baba yake, aliyekuwa safarini na lori lake huko Nebraska, alimwambia kwenye simu maneno yake ya siku zote: "Usimchokoze mama yako, binti. Meza tu." Ni rahisi sana kuwashauri wenzako wameze ukiwa maili mia tano kutoka jikoni kwao.

Kilichomchoma Keziah ni ile karatasi yenyewe. Mama yake aliichapa alasiri moja, ikatoka safi kama mwaliko wa harusi: somo, alama, jina la mwalimu. Aljebra, A, Bi. Rhonda Tuttle. Kemia, A, Bi. Rhonda Tuttle. Hata Kilatini, ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kikitamkwa nyumba ile, nacho kilipata A na Bi. Rhonda Tuttle. Ukweli ni kwamba Rhonda aliacha kumfundisha Keziah akiwa na miaka kumi na miwili, mapacha walipozaliwa. Aliugua vibaya, miezi mitatu hakuinuka kitandani, na kwa hilo hakuna wa kumlaumu. Lakini akapona, akarudi kwenye mikutano yake na bustani yake ya nyanya, na miezi mitatu ikawa miaka mitano. Keziah alijifunza aljebra akiwa ameegemea mashine ya kufulia, kwa kitabu cha maktaba, kisha akawafundisha wadogo zake wawili wanaomfuata. Sasa alikuwa akiwafundisha mapacha kusoma.

Hata daftari la saa, lile ambalo sheria inataka lionyeshe saa elfu moja za masomo kila mwaka, lilikuwa na mwandiko wake tangu ana miaka kumi na mitatu. Kila Jumapili mama yake alichungulia tu mlangoni: "Umejaza, Kezzie?" Naye alijaza. Kuchinja kuku kumi na wawili: biolojia, saa tatu. Kubadilisha nepi: malezi ya mtoto, saa zisizo na idadi.

Alhamisi ikafika. Akina mama thelathini wanaosomesha watoto nyumbani walikusanyika kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, kila mmoja na chakula chake, bakuli za maharage na viazi vya kuoka zimejaa meza nzima. Rhonda akasimama mbele, ile karatasi ikamulikwa ukutani, kubwa kama shuka.

"Kila asubuhi, kabla jua halijatoka," alisema kwa sauti iliyolainika, "mimi na Kezzie tulikaa na aljebra. Wawili tu."

Kuna waliofuta machozi. Nyuma kabisa, pacha mmoja amelala mapajani mwake, Keziah alitaka kusimama aseme. Akameza. Zilibaki dakika kumi tu, kisha sahihi.

Ndipo Shawna Pruitt, mama kijana mwenye daftari, akanyoosha mkono.

"Bi. Rhonda, mwanangu aljebra imemshinda. Tunalia mezani wote wawili. Wewe ulianzia wapi?"

"Uvumilivu, dada. Na maombi."

"Tunaomba kila siku. Nauliza hasa ulifanyaje? Kitabu gani?"

Rhonda akatabasamu, akaangaza huku na huku, macho yakamfikia binti yake.

"Kezzie, mpenzi, kile kitabu chetu kinaitwaje vile?"

Chetu! Keziah angetaja tu jina, mambo yangekwisha. Lakini alimwona Shawna amekaza kalamu yake, akajua mwanamke huyu atarudi nyumbani akijiona mjinga na mama mbaya, kwa ajili ya asubuhi ambazo hazikuwapo. Akasimama na mtoto begani.

"Hatuna kitabu chetu, Mama. Kuna changu, nilichoazima maktaba mara kumi na moja. Bi. Shawna, usijilaumu. Mama yangu hajanifundisha aljebra hata siku moja."

Rhonda akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Kezzie! Mbele za watu?"

"Aliyeyaleta mbele za watu ni wewe."

"Basi jisainie mwenyewe, mjuaji!"

Bi. Arlene, mwenyekiti wao, akainuka polepole na kuweka kalamu mezani, kando ya ile karatasi.

"Rhonda," alisema. "Kalamu hii hapa."

Wanawake thelathini walikuwa wanatazama. Rhonda akainyakua ile kalamu. Akakata jina lake kwenye Aljebra, akaandika Keziah Tuttle. Akakata kwenye Kemia, kwenye Historia, akashuka hivyo hivyo kwa hasira, na Kilatini akakipiga mstari chote. Chini kabisa akasaini kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo.

"Haya, chukua! Na Jumatatu mapacha watafundishwa na nani? Niambie, maana unajua kila kitu!"

Keziah akaichukua karatasi na mistari yake. Chuo kilitaka sahihi tu; kingeipokea ilivyo. Kisha akamshusha mtoto begani, akamweka mikononi mwa mama yake.

"Na wewe, Mama. Umewaambia wote hapa kwamba unajua."