Mwanangu Amenisalimia Kama Mgeni

Admin, naomba unifichie jina, maana ukoo mzima wa mume wangu umo humu ndani. Mimi ni mama wa miaka 26, naishi Mandewa, Singida mjini. Nina watoto watatu: wa kike ana miaka mitatu, wa kiume anakaribia miwili, na kichanga niliyemzaa baridi ikiwa imekolea. Mume wangu anachimba dhahabu kule Sekenke, anakuja na kuondoka. Wanaonijua wanajua mdomo ninao, sionewi kirahisi. Lakini kwa hili nimekwama jamani, nalia mpaka naogopa maziwa yatakauka.

Mimba ya huyu mdogo iliingia wa kiume akiwa bado ananyonya. Kwetu mkifika hapo, mtoto anapelekwa kwa bibi akaachishwe ziwa, maana akibaki na mama yake atalililia kutwa nzima. Hata mimi niliachishwa hivyo hivyo. Basi mama mkwe akaja kutoka Mtinko, akamfunga Beni mgongoni (tumwite hivyo), akaniambia, "Mama Tina, na baridi hii utawaweza vipi wawili na tumbo hilo? Huyu niachie. Baridi ikiisha utakuja kumchukua." Nikamshukuru sana. Nilikuwa nimemvalisha Beni sweta lake la njano, lilikuwa bado linampwaya.

Msimu huu niliuona. Upepo wa Singida mnaujua wenyewe, naanika nepi kwangu naziokota kwa jirani, tena zimejaa vumbi. Tina naye wivu umemshika, nikigeuka kidogo tu nakuta anamtia kichanga ugali mdomoni, "Mama, mtoto ana njaa!" Siku nyingine nacheka, siku nyingine nakaa chini nalia na wao wakilia, tunakuwa kwaya. Kilichokuwa kinanitia nguvu ni kwamba baridi ikiisha, wanangu wote watakuwa chini ya paa moja.

Sasa baridi imeisha. Asubuhi watu wanatoka bila masweta. Wiki iliyopita nikabeba kichanga mgongoni, nikamshika Tina mkono, tukaenda Mtinko. Pale uani nikamkuta Beni kwenye turubai na wifi yangu, wanapiga alizeti. Huyu wifi ni dada wa mume wangu. Aliishi kwenye ndoa miaka mingi bila kupata mtoto, mwisho mumewe akaleta mwanamke mwingine, yeye akarudi kwao. Nikaita, "Beni! Baba yangu!" Akaniangalia tu. Mama mkwe akamwambia, "Haya, msalimie mgeni." Haki ya Mungu, mwanangu akasogea, akaniinamishia kichwa nimguse, akasema, "Kamoo." Kisha akamkimbilia wifi na kujificha nyuma yake, anamwita mama.

Mgeni! Mimi niliyemzaa kwa uchungu! Tina ndiye akasema kwa sauti, "Beni, huyu ni mama," lakini mama mkwe akachukua ungo akaanza kupepeta alizeti.

Nikajikaza, nikapiga goti mbele ya mama mkwe. "Mama, baridi imeisha, nimemfuata mtoto." Hata hakuacha kupepeta. "Utamchukua vipi na wewe unanyonyesha? Akiliona ziwa atalirudia, tumbo limharibike. Ngoja huyo mdogo naye aache." Nikasema, "Mama, si itakuwa miaka miwili hiyo?" Akasema, "Kwani yuko kwa nani? Si yuko kwa baba yake?" Hapo mdomo wangu wote uliisha. Mama mkwe habishiwi, tumefundishwa hivyo.

Nikampigia mume wangu. Nilidhani angalau yeye atanisikia. Akasema, "Mama akishasema mimi nitasema nini? Ukimchukua kwa nguvu, utakuwa umemvunjia heshima mama yangu. Basi ukimchukua, uende naye huko kwenu." Akakata simu.

Wifi ndiye aliyetusindikiza barabarani kungoja bodaboda. Beni alikuwa amelala mgongoni kwake, amevaa lile sweta la njano, sasa linamtosha sawasawa. Nilikuwa nimejiandaa kumtapikia maneno yote niliyoyameza kule uani. Akaniwahi yeye, machozi yanamtiririka. "Wifi, najua siyo wangu. Siku ya mnada mimi na mama tunashinda huko, Beni anabaki kwa jirani wa nyumba ya pili. Njoo umchukue siku hiyo. Nikimwona anaondoka sitaweza." Akageuka akaenda zake, hata kwaheri hakusema. Yale maneno yangu nikarudi nayo Mandewa.

Ndugu zangu, mnada ni keshokutwa. Nguo za Beni nimeshafua, ziko kwenye kamba. Nikienda nitakuwa nimemwiba mtoto wangu mwenyewe, atalia njia nzima akimwita mama mwingine, na ndoa yangu sijui kama itabaki. Wifi naye atarudi jioni na kukuta hayupo, na huyo mwanamke hajanikosea kitu, ameniogeshea mwanangu na kumlaza baridi yote. Nisipoenda, nitakaa hapa namnyonyesha huyu huku moyo wangu uko Mtinko. Titi lenyewe likijaa nawaza ni Beni ananililia, kumbe wala hanililii.

Msinitukane, nimechoka. Mliopitia haya, mlio wake za watu, hata ninyi mama wakwe mlio humu, niambieni la kufanya kabla ya mnada. Nikisubiri mpaka huyu mdogo aache ziwa, Beni atakuwa ameshajua kutamka shikamoo nzima, na mimi nitamjibu marahaba.