Jina Kwenye Kioo Cheusi

Sijifichi, mimi nina wivu. Mama yangu anasema nilizaliwa nao: mdogo wangu akinyonya, mimi nalia mpaka navimba macho, na ziwa lenyewe nilikuwa nimeshaliacha. Kwa hiyo anayenicheka na anicheke, nimezoea.

Mwenye kunitia wivu yuko Handeni. Ni binti wa shangazi yake mume wangu, ana steshenari kama hii yangu ya hapa Manundu, Korogwe. Kwao binamu ni mtani. Akimwona mume wangu anamwita "mume wangu", na mimi ananiita "mke mwenzangu", mbele ya wakwe, mbele ya wateja, hata msibani. Watu wanacheka na mimi nacheka, maana mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu. Lakini nilishasikia kwamba bibi yao alitaka hawa wawili waoane kweli, kabla mimi sijatokea. Lisemwalo lipo.

Mume wangu ni fundi wa kompyuta. Mashine zetu zote mbili, ya kwangu na ya huyo wifi, aliziwekea Linux, ule mfumo wa bure, kwa sababu flashi za wateja zinaleta virusi na yeye amechoka kuvifukuza. Ya kwangu ikisumbua, anasema, "Zima, washa." Ya Handeni ikikohoa tu, anaoga, anavaa shati la mikono mirefu, huyo. Safari moja alirudi na machungwa ya Segera. Sasa niambie, kutoka Handeni kuja Korogwe kuna barabara ya moja kwa moja, Segera ulifuata nini? Ati alipata lifti ya gari la mahindi. Mh! Machungwa niliyala, lakini sikuyasifia.

Siku ninayoikumbuka, alikuwa huko huko Handeni. Mimi nilikuwa na kazi ya mwalimu wa taaluma wa shule moja ya Mpale, huko milimani, mitihani ya muhula ya madarasa yote. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunipa kazi, na wiki nzima nilikuwa naichapa, na ramani nikaichora mwenyewe. Mchana atateremka kuchukua karatasi zake. Ikimpendeza, shule za juu huko zote zitanijua.

Asubuhi ile mashine ikaniletea ujumbe kuwa kuna programu mpya za kusasisha. Nikasema haya, isasishe, iwe safi kabla sijaanza kutoa karatasi. Ikaenda, ikaenda, halafu ikagoma katikati. Maneno mekundu: hakuna nafasi kwenye diski. Nikafanya nilichofundishwa na mume wangu, nikazima, nikawasha.

Loo! Haikurudi. Ile picha ya mbele haikuja, wala mafaili sikuyaona. Kioo cheusi tititi, na juu kabisa neno moja likisubiri niandike jina langu la kuingilia. Neno lenyewe: bimdogo.

Nikalitazama. Bimdogo? Nani bimdogo humu ndani?

Kwenye benchi mwalimu alikuwa ameshafika, mapema kuliko alivyosema, kofia ya pikipiki mapajani. "Shikamoo mama, naona umeme upo leo," akasema kwa furaha. Nikaitika marahaba huku jasho linanitoka, nikampigia mume wangu.

Simu ikapokelewa na mwanamke.

"Mke mwenzangu! Hujambo? Mume wetu yuko chini ya meza, ananifungia nyaya. Nimwambie nini?"

Roho iliniuma hiyo! Ningekuwa na mabawa ningetua Handeni saa ile ile. Nikasema mashine imegoma na mwalimu ameshafika. Nikasikia mume wangu kwa mbali akiuliza kuna nini, wifi akamweleza, naye bila hata kutoka chini ya meza akajibu, "Achomoe diski ampe mwalimu aje nayo huku, tutamchapia sisi."

Sisi! Mwalimu wangu, mitihani yangu, na ramani yangu, vikachapwe kwa bimkubwa? Nikamwambia wifi, "Mwambie hicho chuma hakitoki Manundu. Kama unajua, nielekeze wewe."

Akasema, "Nisomee kilichoandikwa."

"Imeandikwa bimdogo."

Akacheka! Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Kila mashine ina jina lake, wifi, ila ikiwa nzima hulioni. Aliponiwekea hii yangu aliniuliza iitwe nani, nikamwambia bimkubwa. Ya kwako akaimalizia mwenyewe."

Kwa hiyo miaka yote nimekaa na wateja mbele ya bimdogo. Nilitaka kukata simu, haki ya Mungu. Mwalimu akatazama saa yake, nikaikaza simu sikioni.

Nimpe haki yake, anajua kuelekeza. Alinieleza kwamba mfumo ukisasishwa unaweka keneli mpya, ndiyo moyo wake, lakini za zamani haufukuzi zote. Zinabaki pale, zikirundikana kwenye chumba kidogo mpaka mpya inakosa pa kukaa. "Kwanza uliza unatumia ipi sasa, hiyo usiiguse. Halafu ondoa za zamani, moja moja." Ananisomea amri herufi kwa herufi, mimi naandika kwa kidole kimoja. Nikafuta ya kwanza. Nikafuta ya pili. Hizo nilizifuta kwa moyo mkunjufu kabisa. Kisha akaniambia niiamrishe mashine imalizie programu ilizoziacha nusu, na maneno yakaanza kushuka kiooni kama mvua. Nikawasha upya. Picha ikarudi, mitihani yote ipo, na ramani ipo.

Printa ilipoanza kutema karatasi mwalimu akasimama kuzipokea moto moto, akasema shule jirani nao wanatafuta mtu. Nikavimba kichwa. Simu ilikuwa bado sikioni.

"Na hilo jina," nikamuuliza wifi, "linabadilishwaje?"

"Rahisi. Faili moja tu, unafuta, unaandika unalotaka."

"Basi la kwangu nalibadilisha leo. Na la kwako nitamwambia alibadilishe hapo hapo kabla hajapanda gari. Tumeshakuwa watu wazima."

Nilingoja acheke. Mtani hakosi jibu.

"Wifi," akasema, polepole, "mtu mwenyewe jioni anarudi kwako. Mimi niachie jina."

Akakata.

Mume wangu alirudi jua halijazama, bila machungwa, akanikuta nafagia duka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumtoa jasho. Nikampa maji ya kunywa. La kwangu nilishalibadilisha. La Handeni sijalitaja mpaka leo, na wivu haujanitoka, usidhani. Umeongezeka, maana sasa najua sikuwa naota.

Bado tukikutana ananiita mke mwenzangu mbele ya watu, na watu wanacheka. Mimi namtazama usoni, na yeye ndiye anayetazama chini.