Nilisema Breki Zilikuwa Nzima

Admin, hii nimeiandika mara nne nikafuta. Itume leo kabla sijabadili mawazo, ila jina langu lifiche, maana mji wetu ni mdogo na mafundi tunajuana wote.

Mimi ni mwanaume wa miaka 43, nina mke na watoto watatu. Ni fundi magari hapa Musoma, Iringo, gereji yangu imepakana na mashine ya kusaga unga. Kwenye silensa, yaani muungurumo wa injini gari ikiwa imesimama, nilikuwa na jina. Gari ikisimama ikaanza kutetemeka, muungurumo unapanda na kushuka mpaka inazima yenyewe, mafundi wengine wakishindwa walikuwa wanasema ipelekeni kwa yule. Na kichwa kilinivimba, sifichi.

Kanisani kwetu tulikuwa na haisi ya zamani ya kubebea kwaya. Dereva alikuwa kaka wa mke wangu, nitamwita Masatu, siyo jina lake. Masatu zamani alikuwa mlevi wa kutupwa, akaokoka, akaacha kabisa, ndipo kanisa likamwamini likamkabidhi usukani. Ile gari aliiosha kila Jumamosi utafikiri ameinunua yeye.

Ikaanza kusumbua silensa. Nikasafisha kabureta mara mbili, nikabadilisha plagi na nyaya zake, nikabadilisha chujio. Kila nikigusa inatulia siku mbili, halafu inarudia. Nilianza kuichukia. Siku moja Masatu akaniambia mbele ya wenzangu, "Shemeji, mimi siyo fundi, lakini hii gari nikikanyagaga breki ndiyo inatakaga kuzima. Nisipokanyaga inatulia."

Nikamjibu, "Wewe endesha, kufikiria niachie mimi." Watu wakacheka. Na yeye akacheka, ndivyo alivyo.

Ijumaa moja akaja na haraka, kesho yake kwaya ilikuwa na msiba Butiama. Nilishindwa kutamka kwamba gari imenishinda. Nikachukua bisibisi nikakaza skrubu ya silensa, ikapanda, ikaacha kuzima. Ugonjwa sikuutibu, niliufunika. Nikamwambia, "Chukua, imepona." Akanishukuru mpaka nikaona aibu.

Wakati wa kurudi, kwenye mteremko, ng'ombe wakavuka barabara. Masatu akakanyaga breki, gari ikaendelea kwenda. Akawakwepa ng'ombe, akaingia kwenye mtaro. Mama mmoja aliyekuwa anaongoza sauti ya kwanza alirushwa nje kupitia mlangoni, akafa palepale. Ameacha watoto wanne. Masatu alivunjika mguu.

Wazee wa kanisa wakaniita nikaikague. Nilitazama oili ya breki, ipo. Nikafungua magurudumu, kila kitu kizima. Nikakanyaga pedali injini ikiwa imezimwa, nikaona hakuna tatizo. Nikasema mbele ya wazee, na polisi wakaandika: breki zilikuwa nzima. Sikusema uongo, ndivyo nilivyoamini. Masatu akiwa kitandani analia, "Pedali iligoma, ikawa ngumu kama nakanyaga ukuta!" Nani atamsikiliza mtu aliyewahi kunywa? Kanisa zima likasema pombe imemrudia. Polisi wakamfungulia kesi, yuko nje kwa dhamana. Mke wake amerudi kwao Murangi. Watu wanavuka barabara wasimsalimie.

Baada ya miezi miwili wazee wakaivuta haisi mpaka kwangu, niangalie kama injini bado inafaa. Nikaiwasha, nikakaa kwenye usukani. Mara umeme ukakatika, mashine ya unga ikanyamaza. Miaka yote nimefanya kazi ndani ya kelele ile, sikuwahi kuisikia gari yoyote vizuri. Nikakanyaga breki. Silensa ikashuka, na chini ya dashibodi nikasikia "shiiii". Nikaachia, ikatulia. Nikakanyaga tena, shiiii.

Nikazima injini. Nikafungua busta ya breki, lile dude la duara linaloupa mguu nguvu ya kusimamisha gari. Mpira wa ndani umechanika. Injini ilikuwa inavuta hewa kwenye ule mpasuko, ndiyo maana silensa ilisumbua kila akikanyaga. Na mpira ukichanika hivyo, pedali inakuwa ngumu. Kama ukuta. Mimi niliikagua injini ikiwa imezimwa, na gari ikizimwa hata pedali nzima huwa ngumu, ndiyo maana sikuona kitu. Masatu aliniambia ugonjwa wote kwa sentensi moja, nikamcheka.

Ile busta nimeificha kwenye gunia chini ya matairi. Mke wangu hajui. Kila jioni ananipa chakula nimpelekee kaka yake, na ninampelekea. Anakula, ananiambia, "Shemeji, wewe peke yako ndiyo hujanitupa." Narudi nyumbani nalala macho wazi.

Nikisema, naweza kwenda jela mimi, na wale watoto wanne watajua nani alimuua mama yao. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Lakini jana Masatu kaniambia amechoka kutengwa. Wazee wamemwambia akikiri kwamba siku ile alikunywa, watamsamehe na kumrudisha kundini. Amekubali. Nikamwambia, "Lakini hukunywa!" Akasema, "Najua. Ila ninyi wote mnasema nilikunywa, na wewe fundi umesema gari ilikuwa nzima. Labda nilikunywa nikasahau."

Nisikieni ndugu zangu, mtu ameanza kujiona mlevi kwa sababu ya neno langu.

Atakiri Jumapili hii. Mguu wake bado haujapona, ameniomba nimshike mkono kutoka kwenye benchi mpaka mbele ya madhabahu. Nimemkubalia. Sasa naomba mnishauri, wanaume kwa wanawake, hata mkinitukana nitasoma: tukishafika pale mbele, kanisa lote likitutazama, aanze kusema yeye au nianze mimi?