Kerubo na Desturi za Uchina

Kanisani kwetu hapa Minneapolis, Kerubo anajulikana kwa kicheko chake, ambacho hutangulia mzaha wenyewe. Siku za kazi huendesha gari hadi Eden Prairie, anakohudumia wakongwe katika nyumba ya kutunzia wazee.

Majira ya baridi yaliyopita, mmoja wao alimkosesha raha. Bi Tam, mshonaji mstaafu aliyezaliwa kusini mwa Uchina, alifiwa na mumewe, akaacha kula. Alifumba mdomo na kugeukia ukuta. Susan, muuguzi msimamizi, akasema kwamba hali ikiendelea hivyo, atapelekwa hospitali akalishwe kwa mrija. Kerubo alikwisha kuona wazee waliokwenda huko wasirudi.

Ndipo alipokuja kwangu kuazima kitabu cha zamani, kilichoandikwa na mmisionari aliyeishi Uchina miaka mingi, kikieleza historia na desturi za nchi ile. Sisi tuliosomeshwa misheni hatukuzoea kubishana na vitabu vya namna hiyo. Kerubo alikisoma kama anayejiandaa kwa mtihani.

Asubuhi moja akaingia na bakuli la uji wa mchele, amelishika kwa mikono miwili. Akainama mara tatu, kisha akasimama kando ya kitanda, macho sakafuni, kama kitabu kilivyoagiza.

Bi Tam akageuza shingo. "Unaumwa mgongo?"

"Hapana, Mama. Ninakuheshimu."

"Nani kakwambia tunaheshimiana hivyo?"

Kerubo akatoa kitabu, akamsomea ukurasa ule. Kikongwe akakunja uso.

"Huyo aliona nyumba mbili za matajiri, akadhani kaona nchi nzima! Kwetu mama alitupigia kelele tule kabla uji haujapoa. Anasema nini tena?"

"Anasema mjane hacheki mwaka mzima."

"Mwongo! Shangazi yangu alicheka matangani mpaka wakamtoa nje. Na ninyi, wamisionari waliwaandika?"

"Walituandika, Mama. Eti sisi Wakisii wa Kenya hatujui utani."

Bi Tam akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Kwa jinsi ulivyoingia hapa, hawakukosea sana."

Kerubo akaangua kicheko.

"Keti basi, umesimama kama polisi," akasema Bi Tam. "Na ulete huo uji. Siwezi kumjibu mtu huyo kwa tumbo tupu."

Wakaendelea hivyo, ukurasa kwa kijiko, bibi akila na kukanusha, mpaka wakafika mahali ambapo mmisionari alisimulia mafuriko ya mto, na wanawake waliopika juu ya mapaa wakirushiana chumvi. Bi Tam akafumba mdomo. Kijiko kikasimama hewani, na Kerubo akaogopa kwamba ameharibu yote.

"Bibi yangu alikuwa juu ya paa mojawapo," akasema Bi Tam. "Hapa huyo mmisionari aliona kwa macho yake, maskini. Soma polepole."

Akafungua mdomo, akapokea kijiko kingine.