Si Maji ya Ziwa

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu. Mvua ilikuwa imetunyeshea omena, dagaa wetu wa ziwa, tukiwa tumeshaianika, ikaanza kuoza juu ya nyavu, na mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, kila harufu ikinitapisha. Hapo Kisegi, ufuoni mwa ziwa, nilikuwa mgeni bado. Nimezaliwa bonde la Lambwe, kwetu ni mahindi na ng'ombe, kwa hiyo nilipoolewa na Ouma wanawake wa ufuoni waliniita Nyar Lambwe, binti wa Lambwe, wakajipa kazi ya kunifundisha mambo ya ziwa. Mengi waliyonifundisha yalikuwa ya kweli. Moja halikuwa.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja ukaniuliza, huku ukichezea pindo la leso, eti una rafiki anayesikia moto akikojoa. Haya. Mpelekee huyo rafiki salamu zangu, na wewe usikilize kwa niaba yake.

Mimi pia nilisikia moto. Baadaye nikaanza kutokwa na uchafu wa manjano ambao sijawahi kuuona kwangu, na tumbo la chini likawa linauma nikiinama kugeuza omena. Nikawaambia wenzangu. Wakacheka, lakini kwa upole.

"Hiyo ni ya maji," mmoja akasema. "Mtu wa nchi kavu akianza kusimama kwa ziwa, lazima ashikwe na kichocho. Utazoea tu."

Usiwalaumu. Kichocho kipo, kinatoka kwenye maji yale yale, na kinachoma kweli. Lakini pale ufuoni kila ugonjwa wa chini ya kitovu uliitwa kwa jina hilo moja, na mtu akishapewa jina la ugonjwa wake huacha kuutafuta. Nikachemsha mizizi niliyopewa, nikanywa, nikanyamaza.

Aliyenishtukia ni Dani, nyanya yake Ouma. Kwetu Wajaluo mama mkwe hawezi kukuuliza habari za chumbani, na mama mzazi pia ataona haya. Kazi hiyo ni ya nyanya. Dani alikuwa akimwita Ouma "mume wangu" na mimi akiniita mke mwenza, watu wakivunjika mbavu, yeye wala hacheki. Asubuhi hiyo alikuwa ameketi mlangoni akipepeta wimbi, akaniona nikitoka chooni nimeuma mdomo.

"Mke mwenza, kuja hapa. Unaumwa nini?"

"Ni kichocho, Dani. Maji ya ziwa."

"Nani amekupima?"

Nikamwambia hakuna.

"Kichocho mara nyingi kinakojoza damu. Umeona damu?"

"Hapana. Ni uchafu tu, kama usaha."

Akaweka ungo chini. "Na huyu mume wetu, tangu arudi kutoka Migori, anakojoa aje?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ouma alikuwa amekaa upande wa Migori msimu mzima, maana wavuvi huifuata omena inakohamia. Aliporudi nilimsikia akiguna nyuma ya nyumba, na nilipofua shati lake nikakuta mfukoni vidonge vya dukani, vile vya rangi mbili. Akaacha kuguna, nami nikasahau. Nikamweleza Dani yote.

"Amejitibu peke yake," akasema, "tena nusu. Hicho ni kisonono. Sasa keti."

Nikaketi. Upande wa pili wa boma alikuwapo Baba Mkubwa Okech, kifungua mimba wake Dani, akisokota kamba kwa kupapasa. Alikuwa kipofu tangu uchanga. Sote tuliambiwa kwamba jirani mmoja mwenye jicho baya alimtazama akiwa mdogo, na mwanamke huyo alisemwa mpaka akahama. Dani akamwelekezea kidevu, akashusha sauti.

"Hakuna mtu alimtazama. Mimi nilikuwa na uchafu kama huo wako, nikasema ni mimba tu. Mtoto akapita humo humo. Hata siku ya kumtoa nje haijafika, macho yakavimba, yakajaa usaha, yakaziba. Nikapaka dawa za miti. Miaka mingi baadaye ndipo sista wa hospitali alinieleza ilikuwa nini. Nikanyamaza, nyathina, mtoto wangu. Aibu ilikuwa yangu, giza likawa lake. Na wewe unataka kuninyamazia hapa, na tumbo hilo?"

Niliogopa, mwanangu. Nilishika tumbo kwa mikono yote miwili nikalia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha uchi wangu huku nimebeba mtoto.

Dani akamwita Ouma. "Mume wangu, utasema ukweli ama nikukague hapa mbele ya watu?" Ouma, mwanamume aliyekuwa akibeba injini ya boti begani, akatazama miguu yake, akakubali. Nilimkasirikia, na hasira hiyo ilikaa sana, sikufichi. Lakini Dani akatuambia ugomvi tutaufanya tukishapona, sasa twende zahanati, wote wawili.

Tukaenda. Tulipimwa, na kaswende na virusi vya ukimwi tukapimwa pia. Kichocho hakikuonekana, wala hayo mengine mawili. Kisonono kilionekana, kwake na kwangu. Tukaelezwa kwamba vidonge vya Ouma vilikuwa vimeulaza ugonjwa tu. Tukatibiwa pamoja, tukaambiwa tusikutane kimwili mpaka wote tuwe tumepona, na Ouma akahamia kwa ndugu yake kwa muda huo. Nilipojifungua, muuguzi alimpaka mtoto dawa machoni kabla hata sijamshika vizuri.

Siku ya kumtoa mtoto nje, nilimpakata karibu na Baba Mkubwa Okech. Akampapasa paji la uso, akashuka taratibu, kidole kikasimama karibu na kope.

"Anaangalia?" akauliza.

"Anakuangalia wewe, baba."

Akacheka kwa furaha. Dani alikuwa nyuma yangu, na nilimsikia akivuta kamasi. Siku chache baadaye alimweleza mwanawe ukweli, na akatuma watu kwa yule jirani aliyehama kumwomba msamaha.

Basi mwambie rafiki yako hivi. Kusikia moto wakati wa kukojoa, usaha, uchafu wenye rangi au harufu usiyoizoea, maumivu ya tumbo la chini, damu isiyo ya mwezi, upele au kidonda sehemu za siri, hizo zote ni hodi ya ugonjwa. Na kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa zaidi: kaswende huja hivyo, kidonda kinajifunga chenyewe nawe unashangilia, kumbe ugonjwa umebaki ndani. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tena wanawake wengi hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo mwenzako akiugua, nawe umo, hata ukijisikia mzima.

Usiyape macho yako kazi ya maabara. Huenda ni kichocho, huenda ni kisonono, huenda ni vyote viwili. Atakayejua ni aliyekupima. Hapa Rodi Kopany tunakoishi sasa, dukani watakuuzia vidonge bila hata kukutazama usoni. Viache. Nenda zahanati, nenda na mwenzako, na dawa mliyopewa mmalize hata kama moto umezimika. Ukiwa na mimba, usingoje hata kesho.

Kama rafiki yako anaona haya kwenda peke yake, mwambie mimi ninajua njia. Tutaketi benchi moja, na haya zangu mimi nilishazimaliza zamani.

Mungu akupe mwili mzima na nyumba ambayo watu wake wanaambiana wanapoumia. Na siku utakapomzaa wako wa kwanza, mwanangu, afungue macho akuangalie.